Mkorosho wa babu: ukatwe au uachwe?

Huku kwetu Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara, kuna ubishi usiokwisha: mikorosho mikongwe ikatwe ipishe aina mpya za kubebesha (kuunganisha kipande cha mti bora juu ya mti mwingine), au iachwe iendelee kutulea? Bwana shamba anasema kata. Mzee mwenye shamba anajibu kwamba mti huo ndio uliomsomesha baba yako, halafu anaendelea na palizi yake.

Tuanze na bwana shamba, maana hoja zake zinapimika. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi, pale jua linapofika. Mashamba mengi ya zamani yalibananishwa: matawi yamefungamana, chini kiza, na korosho zimebaki kileleni. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12. Ndani ya kile kiza huchipua majani machanga nje ya msimu, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, hujihifadhi humo ukisubiri maua ya miezi ya baridi. Mti ukishakuwa mrefu kupita kiasi, hata salfa, dawa ya unga ya ubwiriunga inayopulizwa kwa mashine, huufikia kwa shida. Mche wa kubebesha, kwa upande wake, huanza kuzaa mwaka wa tatu.

Tena mkorosho hauogopi msumeno. Ukatwe ubaki kisiki, na baada ya wiki kadhaa gome hutoa machipukizi. Unabakisha machache yenye nguvu, unakata ncha, unapasua katikati chipukizi lililobaki na kuchomeka kikonyo, yaani kipande cha tawi la mti bora, chenye unene wa penseli. Kikonyo chenyewe kilinyofolewa majani siku kadhaa kabla, kikiwa bado mtini, ili jicho lake livimbe. Unafunga kwa nailoni. Hapo mizizi ya babu inalisha kichwa cha kizazi kingine. Tatizo ni kwamba kisiki kibichi huita wadudu wanaotoboa shina, na asiyekikagua mara kwa mara hupoteza kisiki na kikonyo.

Mzee naye haongei kwa mapenzi tu. Anakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, mikorosho ikaachwa mbali ikimezwa na pori. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiriunga ukagundulika Mtwara. Kufikia msimu wa 1986/87 taifa zima lilivuna chini ya tani 20,000. Salfa ilipoenea na soko likafunguliwa miaka ya 1990, watu walirudi kufyeka, na mikorosho iliyokwisha kuhesabiwa kuwa imekufa ikazaa. Msimu wa 2017/18, kwa miti ya zamani na mipya, mavuno yalipita tani 300,000. Aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kumshangaa kijana aliyeshika msumeno.

Ila kuna kitu ambacho salfa haikukirudisha. Watoto waliokulia kwenye vijiji vipya, mbali na mashamba, hawakutembea na wazee wao chini ya miti ile. Mkorosho upi huukwepa ubwiriunga, upi una bibo (tunda la mkorosho) kubwa na korosho ndogo (mzuri kwa pombe, hasara ghalani), hayo huyapati kwenye stakabadhi ya chama cha ushirika. Huyajua anayeokota korosho chini ya mti uleule msimu hata msimu, na mara nyingi huyo ni mama au bibi, ambaye kwenye ubishi huu haulizwi.

Hata Naliendele, kituo cha utafiti kilichopo nje kidogo ya mji wa Mtwara, aina zake kama AC4 zilitokana na kuchagua miti bora kati ya mingi na kuitoa vikonyo. Kikonyo humrudia mama yake kwa kila kitu, udhaifu nao ukiwemo. Shamba lote likiwa la aina moja, ugonjwa ukiliweza tawi moja umeliweza shamba. Ndiyo maana wataalamu wenyewe husisitiza kuchanganya aina. Sasa tukikata mikongwe yote, aina za kesho zitachaguliwa wapi? Haraka ya kufyeka kila kitu si ngeni: Nachingwea, mkoani Lindi, ilishaona trekta zikisafisha pori kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya 1947, na mradi ukafa 1951.

Mimi niko karibu zaidi na bwana shamba. Mingi ya miti ile haistahili tena nafasi iliyoishika. Lakini orodha ya kukatwa isitokane na umri. Muokotaji aweke alama, msimu mmoja kabla, kwenye mikorosho inayozaa hata mwaka mbaya; hiyo ibaki, na itolewe vikonyo vya kubebesha mingine. Halafu kiitwe kikao. Kwa Wamakonde na Wamwera, ambao ukoo kwa mila hufuata upande wa mama, shamba la mikorosho lina wajomba, na aliyekata bila kuwauliza atatumia mwaka mzima barazani akijieleza.

Na zikatwe safu chache kila mwaka. Penye uwazi mpya mbaazi na karanga zitastawi miche ikiwa bado midogo, huku safu zilizobaki zikiendelea kupeleka magunia ghalani. Anayetaka kukata shamba zima kwa mkupuo aseme kwanza ada ya Januari ataitoa wapi kwa miaka mitatu.