Kuanika tena hakuondoi sumu

Kuna mwandishi anasema mahindi yaliyopata ukungu yakirudishwa juani siku 2 au 3 yanafaa kuliwa. Hapana, sikubali. Nasaga unga hapa Tandale, Dar es Salaam, na msimu wa masika huwa yanashuka magunia yaliyolowa njiani; ukizamisha mkono ndani unakuta joto, punje zimeshikana, na ukiibandua moja kwa kucha kiini kina rangi ya kijani kichafu. Kuvu, yaani huo ukungu, hana mdomo. Anamwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vinameng'enya chakula ndani ya punje, kisha anafyonza: amilesi inavunja wanga kuwa sukari, lipesi inavunja mafuta ya kiini, ndiyo maana unga wake unanuka mafuta yaliyochacha na ni mchungu. Jua linakausha punje na kumsimamisha kuvu asiendelee, sawa, lakini sumukuvu aliyokwisha kuitoa inabaki palepale, na moto wa kusongea ugali hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hii, tusisahau upesi hivyo. Kuchambua punje mbovu na kukoboa kunapunguza sumu, kwa hiyo mlaji wa dona yuko hatarini zaidi ya mlaji wa sembe. Mimi gunia la hivyo silisagi, hata mteja akinuna. Wenzangu wa Manzese na Mbagala, mkiyakataa yanaishia wapi? Maana nasikia yanauzwa kwa wafugaji wa kuku, na kuku nao yanawadhuru.