Bawasiri na Ayurveda: kinachoponya si kile kinachotangazwa

Novemba 2020 baraza lililokuwa likisimamia tiba asilia nchini India lilichapisha orodha ya aina 58 za upasuaji ambazo daktari wa Ayurveda, tiba asilia ya kale ya India, mwenye shahada ya uzamili ya upasuaji anaruhusiwa kufanya. Upasuaji wa bawasiri ulikuwa ndani ya orodha hiyo. Tarehe 11 Desemba Chama cha Madaktari cha India kikagoma, huduma zisizo za dharura zikasimama, na hoja yao ilikuwa moja: kisu hakichanganywi na mitishamba. Baraza likajibu kwamba halikuleta jipya, lilifafanua tu kanuni za 2016, na kwamba vyuo vya Ayurveda vilikuwa vikikata bawasiri miaka yote.

Ugomvi huo unawashangaza wengi wanaoijua Ayurveda kupitia matangazo tu. Huku kwetu, kama ilivyo Mumbai, dawa hizo huuzwa kwa ahadi ya kupona "bila kisu". Lakini Sushruta, mpasuaji wa kale wa Ayurveda ambaye maandiko yanayobeba jina lake yana zaidi ya miaka 1500, hakukiogopa kisu hata kidogo. Aliweka njia nne za kutibu bawasiri: dawa za kunywa, magadi makali yatokanayo na majivu ya mimea, kuchoma kwa moto, na kukata. Dawa za kunywa alizitenga kwa ugonjwa mchanga wenye dalili nyepesi. Kinyama kigumu, kinene na kilichokaa mahali pamoja alikipeleka kwenye moto. Chenye shina jembamba kilichochomoza alikipeleka kwenye kisu. Kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya kumaliza bawasiri ya kila hatua anapingana na kitabu anachokitaja kwenye lebo.

Kila mtu, mgonjwa na mzima, ana tishu laini zilizojaa mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kusaidia kuziba ili choo na upepo visitoke ovyo. Zikivimba na kuteremka kwa sababu ya kujikamua, choo kigumu, ujauzito au kukaa chooni muda mrefu, ndipo tunasema mtu ameota kinyama. Ayurveda inaeleza kwa namna yake: moto wa tumboni umefifia, chakula hakisagiki, uchafu unajazana chini. Hospitali haikubaliani na habari ya moto huo. Ajabu ni kwamba ukiweka kando maelezo na kutazama maagizo, pande mbili zinakaribiana sana. Charaka, mwandishi mwingine wa kale, alitaja kujikamua kwa nguvu, kuzuia haja na kukalia viti vibaya kuwa miongoni mwa visababishi. Daktari wa leo atakwambia hayohayo, na ataongeza simu uliyoingia nayo chooni.

Kwenye chakula ndiko Ayurveda ilipo imara. Charaka aliyasifu kupita kiasi maziwa yaliyoganda, yakasukwa na kuondolewa siagi, hata akasema bawasiri iliyotibiwa kwayo hairudi. Huongezwa chumvi na viungo kama bizari nyembamba au tangawizi. Kuna choroko, kuna mboga za majani, kuna kiazi kikubwa cha porini kiitwacho suran ambacho jina lake mojawapo la Kisanskriti humaanisha mwangamizi wa bawasiri. Kuhusu hayo maziwa, sijaona ushahidi wa kumridhisha mtu mwenye shaka. Yananyweka, yana maji, na mgonjwa anayeyanywa badala ya soda hapotezi kitu.

Ushahidi mzito uko kwenye nyuzinyuzi. Mwaka 2005 watafiti wa Cochrane, mtandao wa wanasayansi wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio saba yenye wagonjwa 378 na kukuta kwamba waliopewa nyuzinyuzi walipunguza karibu kwa nusu uwezekano wa kubaki na dalili, na damu nayo ilipungua kwa kiwango hichohicho. Kwa kinyama kinachotoka nje, maumivu na muwasho, faida haikuthibitika. Sehemu kubwa ya majaribio ya namna hii hutumia maganda ya mbegu za isabgol, mmea unaolimwa kwa wingi Gujarat na Rajasthan, India. Maganda hayo yakipata maji huvimba na kuwa ute, choo kikalainika na kuwa kikubwa, mtu akaacha kujikamua. Leo isabgol inaandikwa na madaktari wa hospitali bila aibu yoyote, na hakuna anayeiita mitishamba tena. Inywe kwa maji mengi, anza na kijiko kidogo, na usiinywe pamoja na dawa nyingine kwa wakati mmoja. Ukiinywa kavukavu inaweza kukukwama kooni. Na usitegemee muujiza wa siku tatu, hesabu wiki.

Nyuzinyuzi zina historia Afrika Mashariki pia. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, Lira kisha Mulago, aliandika 1972 kwamba bawasiri ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu chakula chao kina makapi mengi na choo chao ni kikubwa na laini. Takwimu zake zilikosolewa, na kwa haki: ugonjwa wa sehemu ya siri hauhesabiki kwa kuangalia nani kaja hospitali, kwa sababu wengi hawaji. Lakini ushauri wake ulidumu kuliko takwimu zake. Dona badala ya sembe, maharage, kunde, mlenda, bamia, papai: hilo jiko halihitaji kuagizwa kutoka Kerala, India.

Pilipili inawagawa watu. Ayurveda inaikataza, mama zetu wanaikataza, na karibu kila mgonjwa ataapa kwamba inamuumiza. Mwaka 2006 watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa 50 wa bawasiri vidonge vya pilipili, na wakati mwingine vidonge visivyo na kitu, bila wao kujua vipi ni vipi. Dalili hazikutofautiana. Hata hivyo, mwenye mchaniko njia ya haja kubwa ni habari nyingine, kwake pilipili inaonekana kuzidisha maumivu, na wengi wanaodhani wana bawasiri wana mchaniko. Katika hili mimi niko na mgonjwa: kama inakuwasha, iache, huhitaji utafiti.

Tukija kwenye vidonge na dawa za chupa, msimamo wangu unabadilika. Triphala, mchanganyiko wa matunda matatu makavu yaliyosagwa, hulainisha choo kwa upole, na hiyo inatosha kueleza nafuu ambayo watu hupata. Kusema kwamba "inanyausha" kinyama ni dai jingine, na majaribio yaliyopo ni madogo mno kulibeba. Baadhi ya mchanganyiko wa madukani una sanamaki, ambayo huendesha tumbo kwa nguvu. Mtu hufurahi wiki ya kwanza, akiizoea kwa muda mrefu anaambulia msokoto wa tumbo, kuharisha na upungufu wa madini ya potasiamu. Wajawazito, ambao bawasiri huwaandama sana, wajue kwamba hata vitabu vya Ayurveda vyenyewe vinamkataza mjamzito kutumia haritaki, moja ya matunda matatu ya triphala. Mwuzaji wa mtandaoni hilo halisemi.

Kuna suala la metali. Mwaka 2004 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston: 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Miaka minne baadaye jarida hilohilo lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 193 zilizonunuliwa mtandaoni, na takriban moja kati ya tano ikakutwa na metali hizo. Hazikuwa dawa za bawasiri peke yake, na zilizotengenezwa Marekani hazikuwa safi kuliko za India. Zile za aina ya rasa shastra, ambazo metali huchanganywa kwa makusudi, zilikutwa nazo kwa asilimia 40.6, dhidi ya asilimia 17.1 kwa nyingine. Watetezi husema metali ikiandaliwa kwa kanuni za kale haina sumu. Risasi kwenye damu haiulizi iliandaliwaje.

Upande wa hospitali nao una deni. Ksharasutra ni uzi uliopakwa mara 21 kwa utomvu wa mmea, magadi ya majivu na manjano, hufungwa kwenye fistula ya njia ya haja kubwa, yaani kijia kinachotoboka kutoka ndani hadi kwenye ngozi, ukakata taratibu wiki baada ya wiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Banaras Hindu waliufufua kuanzia miaka ya 1960, na 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la India likachapisha matokeo ya kuushindanisha na upasuaji wa kawaida. Uzi uliponya polepole, wiki nane dhidi ya nne. Lakini fistula ilirudi kwa asilimia 4 tu ya wagonjwa wake, na kwa waliokatwa ikarudi kwa asilimia 11. Fistula si bawasiri, na matokeo hayo hayahamishwi kiholela. Yanaonyesha tu kwamba njia ya kale ikikubali kupimwa inaweza kushinda, na kwamba daktari aliyegoma 2020 kwa kusema hakuna cha kujifunza huko alikuwa anatetea eneo lake kuliko mgonjwa. Tena hospitali nyingi humwambia mgonjwa "ni ndogo tu, kula mboga" kwa dakika mbili, bila kumweleza mboga gani, maji kiasi gani, wala kwamba kinyama kidogo kinaweza kufungwa kwa mpira bila kulazwa. Mganga wa Ayurveda humkalisha akamuuliza anakula nini asubuhi. Ndiyo maana anasikilizwa.

Ninachokiogopa zaidi ni damu iliyopewa jina kabla haijaonwa. Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu mbichi, hudondoka au hupaka karatasi baada ya haja. Saratani ya utumbo mpana na ya puru nayo hutoa damu. Aliyevuka miaka 40, aliyepungua uzito bila sababu, mwenye choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, mwenye damu nyeusi au upungufu wa damu, mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani hiyo: hawa wapimwe kwanza, isabgol watainywa baadaye. Sushruta alieleza chombo cha kuchungulia ndani, chenye umbo la chuchu ya ng'ombe na urefu wa vidole vinne, kina tundu la kuonea na la kupitishia dawa, na katika vyuo makini vya Ayurveda mgonjwa bado huangaliwa kabla ya kuandikiwa chochote. Anayekutumia dawa kwa basi baada ya kukuuliza maswali mawili kwa simu hajakuangalia.