Gitaa la kadongo kamu lipewe riverbu ya springi

Nyimbo nyingi zinazotoka siku hizi katika studio za Kampala zina jambo moja linalonikera: mwimbaji, gitaa na ngoma vyote humwagiwa riverbu (mvumo wa kubuni unaoongezwa kwenye sauti) ileile ya kidijitali, pana na yenye kung'aa, kana kwamba wote wamefungiwa ndani ya kanisa kuu lisilo na waumini. Katika nyimbo za dansi hilo huvumilika. Katika kadongo kamu, muziki wa Buganda unaosimama juu ya mwimbaji, gitaa lake na kisa kirefu chenye mafumbo, ni hasara kubwa, kwa kuwa msikilizaji akikosa neno moja huenda akakosa fumbo zima. Ninashikilia kwamba muziki huo unafaa zaidi riverbu ya springi, yaani mvumo unaopatikana kwa kupitisha sauti ndani ya springi, iwe ya chuma chenyewe au programu inayoiiga.

Wahandisi wa Bell Labs, Marekani, walizitumia springi kuiga ucheleweshaji wa sauti katika simu za mbali, kisha Laurens Hammond akazitia katika vinanda vyake miaka ya 1930 ili vikipigwa sebuleni visikike vina mvumo wa ukumbini. Fender, watengenezaji wa magitaa na amplifaya, walitoa kisanduku chao cha riverbu ya springi mwaka 1961, na mwaka 1963 wakaiweka riverbu ndani ya amplifaya ya Vibroverb. Kule Kingston, Jamaika, fundi wa sauti King Tubby aliigeuza riverbu hiyo kuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Kinachonivutia ni namna kifaa hiki kinavyofanya kazi. Umeme wa sauti huingia katika koili, koili hutikisa kisumaku kilichofungwa kwenye ncha ya springi, na mtetemo husafiri hadi ncha ya pili, ambako sehemu yake hunaswa na kugeuzwa tena kuwa umeme huku sehemu nyingine ikirudi ulikotoka, na safari hiyo hurudiwa mpaka nguvu iishe. Sauti nene na nyembamba hazipiti kwa kasi moja ndani ya springi, na ndiyo sababu mpigo mkali hutoka umevutika, wenye mlio wa kudondoka. Aidha, springi nyingi hazipitishi vizuri sauti zinazozidi kilohezi 4 au 5. Watu huuita huo udhaifu, lakini kwangu ndio ubora wake, maana nguvu kubwa ya herufi kama s na z iko juu ya hapo: riverbu inayong'aa huzikokota herufi hizo na kuzifunika silabi zinazofuata, ilhali springi huziacha zipite zikiwa kavu, yaani bila mvumo.

Ninapochanganya, huiweka riverbu kwenye chaneli yake ya pembeni, nikakata besi chini ya hezi 250 hivi kabla sauti haijafika kwenye springi, na nikatanguliza kompresa (kifaa cha kupunguza vilele vya sauti) inayobana kidogo ili kidole kinachokwanyua waya kwa nguvu kisiirushe springi kupita kiasi. Gitaa kavu hulisogeza kushoto kidogo na mvumo wake kulia. Hapo gitaa hupata nafasi, katikati panabaki pa mwimbaji, ambaye humpa kiasi kidogo sana cha riverbu hiyo. Endingidi, fidla ya Buganda yenye waya mmoja, nayo huipokea vizuri mno, kwa sababu upinde hauanzi kwa kishindo.

Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ni kinyume. Wapigaji wake hupishanisha mapigo kwa kasi, na kila pigo la fimbo kwenye ubao huiamsha springi upya, hata ufumaji ule ulio roho ya ala hiyo ukavurugika; ala hiyo irekodiwe katika chumba kizuri na iachwe hivyo.

Kuna wanaolalamika kwamba springi ni ya mono (mkondo mmoja wa sauti, usio na kushoto na kulia) na kwa hiyo ni ya kizamani. Hoja hiyo inasahau mahali nyimbo zetu zinaposikilizwa: spika moja ya simu kibandani, au redio ndogo stendi ya boda boda. Pande mbili zinapounganishwa kuwa moja, riverbu pana ya stirio inaweza kunywea au kubadilika rangi, lakini mvumo wa springi, ambao tangu mwanzo ni mmoja, hubaki na umbo lake.