Ormiston: mkataba wa miaka 38 ulimfaa nani?

Kuna kijiji kidogo Scotland kinaitwa Ormiston, kama kilomita 20 hivi kutoka Edinburgh, wengi wakikisikia ni kwa sababu ya Robert Moffat, yule mmisionari aliyezaliwa pale 1795 na baadae akawa baba mkwe wa Livingstone. Ila mi kinachonivuta ni mashamba yake.

Zamani watu walilima vipande vilivyochanganyikana, mstari huu wako, ule wa jirani, na wapangaji wengi mikataba yao ilikua mifupi, mingine mwaka mmoja tu. Sasa nani ataweka chokaa kwenye udongo, achimbe mifereji, apande uzio wa miti, afu mwakani aambiwe hama? Mwenye ardhi, John Cockburn, ambae alikua mbunge pia, akaliona hilo akaanza kutoa mikataba ya miaka 38. Akahimiza viazi na tanipu (mboga ya mizizi, inaliwa na watu na mifugo), akaleta kazi za kitani, 1735 akapimisha kijiji upya kwa ramani, na 1736 ikaanza klabu ya kujadili kilimo, mabwana wakubwa na wapangaji wanakaa pamoja.

Wanaompinga wanasema jamaa alifilisika, mwishoni mwa miaka ya 1740 akamuuzia ardhi bwana mwingine mwenye cheo cha kikabaila, Earl wa Hopetoun, kwahiyo mpango ulifeli. Hapo sikubaliani nao kabisa. Kilichofeli ni mfuko wake, maana ukimpa mtu mkataba mrefu hivyo faida ya udongo kunawiri inaanza kuingia kwake, we unangoja, na deni halingoji.

Hoja inayoniuma ni nyingine. Chini ya wapangaji kulikua na familia zinazowalimia kwa malipo ya kijumba, kipande cha kulima na pa kulishia ng'ombe. Mtindo huu wa kilimo uliposambaa mashamba yakaunganishwa, na kuanzia miaka ya 1760 hadi mwanzoni mwa karne ya 19 hilo kundi likakaribia kupotea kwenye nyanda za chini za Scotland, wengine wakawa vibarua wa mshahara, wengine wakaenda viwandani, wengine wakapanda meli kuhamia ng'ambo. Watu wakiongelea wakulima kutolewa kwenye ardhi Scotland wanataja milima ya kaskazini tu, huku chini ilipita kimya kimya yaani.

Ni kweli pia miaka ya 1690 njaa iliua watu wengi sana Scotland, na kilimo kilipobadilika nyanda za chini hazikuiona tena njaa ya aina ile, hilo si jambo dogo. Mi naona wazo la Cockburn lilikua sahihi ila liliishia katikati. Tangu 1449 Scotland ina sheria kwamba ardhi ikiuzwa, mnunuzi hamtoi mpangaji mwenye mkataba wa muda maalum mpaka muda wake uishe, kwahiyo Cockburn alipouza wapangaji wake walikua na karatasi ya kumuonyesha bwana mpya. Familia za vijumba hazikua nayo, zilikaa kwa ridhaa ya yule yule mpangaji aliyezipa kazi.