Faili Lipo, Nalitazama, Mashine Inasema Halipo

Jamani, kuna kiumbe mbishi duniani kumshinda linka, ile programu ya Linux inayounganisha kodi yako na laibrari (mafaili ya kodi iliyoandikwa tayari na wengine)? Joto la Dar la Februari hilo, feni inazungusha hewa ileile ya moto, umeme ndiyo kwanza umerudi, bando limebaki la kuungaunga. Unaandika amri yako ya gcc, kompaila wa kugeuza kodi ya C kuwa programu, kwa adabu zote, unabonyeza Enter, unajibiwa: "/usr/bin/ld: cannot find -lcurl". Ati haioni. Unaingia kwenye /usr/lib/x86_64-linux-gnu, unamkuta libcurl.so.4, laibrari yenyewe, kajikalia zake, hana habari. Sasa kipofu ni nani hapa?

Kumbe bwana mkubwa hana shida na hiyo namba 4. Ukimwambia -lcurl, anatafuta libcurl.so, jina tupu lisilo na mkia, na akilikosa anajaribu libcurl.a (.so huitwa programu inapowaka, .a humezwa ndani ya programu wakati wa kujenga). Basi. Lile lenye namba ni la programu iliyokwisha kujengwa, ndilo inaloliita inapowaka. Jina tupu ni kiungo cha kuelekeza kwenye lenye namba, na linakuja na pakiti nyingine kabisa, zile zinazoishia na -dev. Kwa Ubuntu ni libcurl4-openssl-dev. Kwa Fedora wao wanaita libcurl-devel. Wanasema wametenganisha ili mtumiaji wa kawaida asijaziwe mafaili ya wajenzi. Haya, tumekubali, lakini si wangelisema hilo kwenye kosa lenyewe? Na mara nyingi linka hata hafikiwi, kompaila anakuwa ameshagoma mapema: "curl/curl.h: No such file or directory". Dawa ni hiyohiyo -dev. Kama hujui faili gani limo kwenye pakiti gani, sakinisha apt-file, endesha "apt-file update", halafu "apt-file search libcurl.so". Hiyo update inashusha orodha ndefu, kwa hiyo chungulia salio la bando kwanza.

Umeweka -dev, unadhani umemaliza. Thubutu! Sasa ni zamu ya "undefined reference to `sqrt'", yaani ile ya kutafuta kipeuo cha pili haijulikani. Unamwonyesha -lm, laibrari ya hesabu, ile pale, ameipokea, hajalalamika kwamba haipo, na bado anakuuliza sqrt ni nani. Tazama ulivyoandika: gcc -lm hesabu.c -o hesabu. Linka anasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na tabia yake ni ya konda wa Mwenge–Tegeta. Anauliza, "Afrikana wapo?" Kimya. Anagonga bodi, gari linaondoka. Mwenye safari ya Afrikana anazinduka wako Mbuyuni. Ndivyo ilivyo: amefika kwenye -lm wakati hakuna aliyeomba sqrt bado, akapita zake, hesabu.c inakuja nyuma na shida yake, laibrari imeshaachwa. Andika gcc hesabu.c -o hesabu -lm, laibrari mwisho, yaishe. Kwa laibrari za .a sheria hii iko kila mahali. Kwa za .so, Ubuntu huwasha --as-needed yenyewe (linka aiache laibrari ambayo hakuna aliyeiomba bado), ndiyo maana amri yako mbovu inaweza kupita kwenye mashine ya jirani mwenye Debian na kugoma kwako, mkabaki mnashukiana. Na kuna kituko kingine: ukijaribu kwa sqrt(4) inapita hata bila -lm, maana kompaila anapiga hiyo hesabu mwenyewe. Weka sqrt(x) uone.

Kama majina yanayokosekana yameanza na std::, usihangaike na mpangilio. Umeunganisha kodi ya C++ kwa gcc. Tumia g++.

Haya, programu imejengwa. Unaiwasha: "error while loading shared libraries: libfoo.so.1: cannot open shared object file". Hapa ndipo watu wanapopoteza mchana mzima, kwa sababu wanamrudia linka wa mwanzo na kumwongezea -L (folda ya kutafutia laibrari) hii na -L ile. Huyo kazi yake imeisha, kaondoka! Anayelalama sasa ni mwingine, ld.so, anayekusanya laibrari wakati programu inaanza, na -L zako hazijui. Muulize kwa "ldd ./programu", mstari wenye "not found" ndio mgonjwa. (Ila usiifanyie ldd programu usiyoiamini, inaweza kuishia kuiendesha. Tumia "readelf -d" uangalie mistari ya NEEDED.) Ukiwa umetoka kufanya "sudo make install" na laibrari imekwenda /usr/local/lib, kilichobaki kwa Ubuntu ni "sudo ldconfig" tu, maana ld.so anasoma orodha iliyohifadhiwa, /etc/ld.so.cache, na hakuna aliyemwambia kuna mgeni. Ikiwa iko /opt/kitu/lib, andika njia hiyo kwenye faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d/, kisha ldconfig. Ukitaka kumwona anavyohangaika folda kwa folda, washa programu na LD_DEBUG=libs mbele yake.

Mtaalamu wa kijiwe cha kahawa atakwambia weka LD_LIBRARY_PATH (folda za ziada za kumwonyesha ld.so) kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya shell yako, fasta. Kwa kujaribu mara moja, sawa. Kwa kuishi nayo, hapana: ukitumia sudo inafutwa, systemd, inayowasha huduma za mfumo, haisomi .bashrc yako, na siku moja inaipa programu nyingine laibrari isiyo yake. Afadhali uiandike njia ya laibrari ndani ya programu wakati wa kujenga: -Wl,-rpath,'$ORIGIN/lib' ($ORIGIN ni folda ilimo programu), na hizo alama za nukuu usiziache, la sivyo shell inaimeza $ORIGIN.

Huyohuyo mtaalamu, ukimpelekea programu ya zamani inayodai libssl.so.1.1 (laibrari ya usimbaji ya OpenSSL) kwenye Ubuntu 22.04, atakuchorea kiungo kutoka libssl.so.3. "Si ni ileile, kaka?" Si ileile. Namba imebadilishwa makusudi kwa sababu vya ndani vimebadilika, na utajibiwa "version `OPENSSL_1_1_0' not found". Kompaili upya dhidi ya OpenSSL 3, 1.1.1 yenyewe iliacha kuhudumiwa Septemba 2023.

Ila mfalme wa kero ni "GLIBC_2.34 not found". Umejenga kwenye 22.04 yenye glibc (laibrari kuu ya C, karibu kila programu inaitegemea) 2.35, ukapeleka kwenye seva ya 20.04 yenye 2.31. Ya kale hukubalika kwenye mpya, mpya haikubaliki kwenye ya kale. Jenga kwenye mfumo wa zamani zaidi unaoulenga, au kwenye kontena lake (mfumo huo uliofungiwa ndani ya mashine yako). Na asitokee mtu wa kunakili libc.so.6 kutoka mashine nyingine aibandike juu ya iliyopo. Hapo ls inakufa, sudo inakufa, hata cp ya kurudishia ya zamani inakufa. Kinachobaki ni kutafuta ile flashi ya Ubuntu, na kuomba Mungu watoto wasiwe wameshaifuta wakajaza singeli.