Kiti kimoja cha tuba

Okestra kubwa ya simfoni ikikaa jukwaani, fidla za kwanza huwa kama 16, fidla za pili 14, viola 12, selo 10, na besi kubwa nane. Hao ni watu 60, wote wa vyombo vya nyuzi. Tarumbeta huwa mbili au tatu, tromboni tatu, na tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, moja. Hesabu hii naijua miaka mingi, na hunirudia kila nikipita uwanja wa kanisa huku Rungwe Jumamosi jioni, vijana 14 wamejipanga duara na matarumbeta yao. Katika hao 14 nakuta tromboni nne na tuba mbili. Mwenye fidla hakuna hata mmoja.

Siku hizi katika bendi zetu kuna ubishi unaokua. Walimu wachache wameanza kuwanoa vijana kana kwamba siku moja watasimama mbele ya usaili wa okestra: nota za mistari mitano badala ya solfa (do, re, mi) peke yake, skeli, yaani ngazi za sauti, zote 12, metronomu ya kupimia mwendo, saa mbili kila siku. Wazazi wengi na baadhi ya wazee wa kanisa wanasema huko ni kumdanganya mtoto. Tanzania haina okestra ya simfoni inayowalipa wapigaji wake mshahara wa kila mwezi. Mtajie okestra mzee wa Mbeya mwenye miaka 65, atakumbuka Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound, yaani bendi za dansi. Sasa mtoto anaandaliwa kwa kazi ipi?

Swali hilo niliulizwa ana kwa ana mwaka jana na mama wa mwanafunzi wangu anayepiga tromboni. Alikuja jioni, akasalimia vizuri, akakaa, akakataa chai. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu anakuheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Kwa hiyo wewe ndiye unieleze, akishamaliza kupuliza, atakula nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona alikuwa na haki ya kuuliza. Wapo wanaomcheka mzazi wa namna hiyo na kumwita mshamba wa sanaa. Wanakosea. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa Anders Ericsson na wenzake juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki Berlin. Walio bora kabisa, walipofika miaka 18, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 7,410. Waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki walikuwa na saa 3,420. Huku kwetu kijana kwa kawaida hushika tarumbeta akishapata kipaimara, tuseme miaka 14. Akipiga saa mbili kila siku bila kukosa, iwe mvua, iwe msiba, uwe msimu wa kuvuna viazi, atafikisha miaka 22 akiwa na saa 5,840. Na nani huku hakosi hata siku moja?

Kuna fundo jingine ambalo sijalisikia likitajwa katika ubishi huu, nami naona ndilo kubwa. Vyombo vya kupuliza vya shaba vinamvumilia aliyechelewa kuanza. Hata Ulaya watoto wengi huvishika wakiwa na miaka tisa au zaidi, meno ya utu uzima yakishatoka, na midomo yenyewe haihimili saa nyingi kwa siku kama vidole vya mpiga fidla. Fidla haina uvumilivu huo. Wanaofika mbali wengi walianza wakiwa na miaka mitano, sita, saba. Kwa hiyo chombo kinachomfaa mtoto wetu aliyechelewa ndicho chenye viti vichache, na vyombo vyenye viti 60 mtoto wetu hajawahi hata kuvishika. Hatukuchagua hivyo kwa kufikiri. Tulichukua kilichokuwa kimetundikwa ukutani kanisani, na pale ukutani palitundikwa chombo kinachosikika uwanjani, kwenye harusi na makaburini.

Mpiga tuba hawezi kusema nitajiunga nao niwe wa pili. Kiti ni kimoja, na aliyekikalia anaweza kukaa miaka 30. Kikiwa wazi katika okestra yenye jina, waombaji zaidi ya mia ni jambo la kawaida. Katika Simfoni ya Tisa ya Dvořák, tuba hupiga nota 14 tu usiku mzima, zote katika sehemu ya pili. Mtu analipwa, anavaa suti nyeusi, anasubiri, anapiga nota zake 14, na zote lazima ziwe safi.

Pamoja na hayo yote, nasimama na wale walimu wakali, na nadhani hawaeleweki. Watu wakisikia "mafunzo ya okestra" wanasikia ndoto ya kwenda Ulaya. Mimi nikisikia maneno hayo naona kazi ninayoifanya na yule kijana wa tromboni asubuhi za Julai, hewa ikiwa nyeupe kwa ukungu na vidole vikiwa vizito. Tulikuwa na mistari ya mwanzo ya Tuba Mirum kutoka Requiem, misa ya wafu, ya Mozart. Pale tromboni inaanza peke yake, kisha mwimbaji wa besi anaingia. Ndiyo moja ya vipande ambavyo mpiga tromboni huombwa karibu kila usaili. Sauti ya kijana ilikuwa nene na tamu, sauti ya kanisa. Lakini programu ya simu ilionyesha yuko chini ya nota, kwa sababu shaba ikipoa sauti hushuka. Na alipofika kipimo cha tatu, yaani fungu la tatu la midundo, akaanza kukimbia. Kwenye bendi kuna ngoma inayomshikia mwendo, hapa hakuna wa kumshikia. Nikamsimamisha. Akapuliza hewa tupu ndani ya tromboni, taratibu, mpaka ikapata joto, akaanza upya. Tulirudia kipande kile wiki sita.

Watu wa nyanda hizi wangeijua kazi hiyo wakionyeshwa. Katika Simfoni ya Tano ya Beethoven, tromboni tatu hukaa kimya sehemu tatu nzima, zaidi ya dakika 20, ndipo huingia mwanzo wa sehemu ya nne kwa nguvu zote. Chombo kimeshapoa, midomo imeshapoa, na hakuna nota ya kujaribia. Mpigaji wa aina hiyo anatengenezwa kwa kuhesabu vipimo akiwa kimya, kusikiliza fidla zilipo, na kupasha shaba joto bila kutoa sauti. Bendi zetu zina uhodari mwingi, lakini kukaa kimya na kuhesabu hatujawafundisha vijana. Kila mtu anapiga kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho.

Wanaosema huo ni muziki wa Wazungu nawajibu kwa ufupi. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi ya kupuliza tromboni ilikuwa sehemu ya kanisa lao tangu Ujerumani. Solfa tunayoiita yetu ilisambazwa na John Curwen wa Uingereza. Leo jaribu kumzika mzee wa kanisa bila matarumbeta uone watakavyonung'unika watu. Hata mshahara wa mwanamuziki si jambo geni kwetu: bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Bendi ya Polisi na za majeshi zinaajiri mpaka leo.

Hoja kwamba okestra haipo nchini ina uzito zaidi. Lakini nawatazama wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani na mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya simfoni ya kanisa lao la Kimbangu. Walimu walikuwa hawatoshi, aliyejua kidogo akamfundisha asiyejua, na uzi wa fidla ukikatika waliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli. Wengi wao wana kazi nyingine mchana. Mshahara wa muziki haukuwangoja wao, wala wao hawakuungoja. Nairobi nako Ghetto Classics ilianza mwaka 2008 Korogocho na inafundisha vijana vyombo vya okestra. Okestra haikai mahali ikisubiri wapigaji. Wapigaji wakiwa tayari, ndipo watu huanza kuulizana kwa nini haipo.

Kisha kuna pazia. Tangu miaka ya 1970 na 1980 okestra nyingi za Marekani zilianza kusaili watu nyuma ya pazia, angalau duru za kwanza, ili waamuzi wasimjue anayepiga ni nani. Sijifanyi kwamba pazia linafuta kila kitu. Nauli hailipwi na pazia, wala viza, na sehemu nyingi kabla ya kuitwa hutazamwa kwanza umesoma wapi. Ila zile dakika chache, hakuna anayejua umetoka Tukuyu. Wanasikia kama umekimbia kwenye kipimo cha tatu.

Walimu hawa ninawadai jambo moja: wawaambie watoto hesabu ya viti mapema, kwa tarakimu, mzazi akiwepo. Mtoto wa tuba ajue kiti ni kimoja. Wa tromboni ajue ni vitatu. Atakayeamua kuendelea aendelee akijua.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu yule mama, safari ya pili, mimi nikiwa nimekwenda kwake. Nilimwandikia tarakimu zile kwenye daftari la kijana, 60 upande mmoja, tatu upande mwingine. Alizitazama muda mrefu. Nikamwambia pia kwamba bila cheti cha kidato cha nne hata mlango wa Polisi ni mgumu, kwa hiyo juu ya shule yeye ndiye aliyekuwa sahihi, si mimi niliyekuwa namweka kijana mpaka giza linaingia. Tukakubaliana: mtihani Novemba, tromboni saa moja kila siku mpaka hapo, baada ya hapo saa mbili na nusu, na yeye ndiye atakayeshika simu yenye metronomu.

Nikiwa naaga akaniuliza kuhusu ile 60. Ana binti wa miaka minane, aliyekuwa amekaa kizingitini muda wote akitusikiliza. Tangu siku hiyo natafuta fidla ya ukubwa wa nusu, inayomtosha mtoto wa umri huo. Nimeuliza Mbeya mjini, nimeuliza Iringa. Bado sijaipata.