Mama hasikii harufu ya gesi

Nilishuka stendi ya Kange jua linazama, nikapanda bajaji hadi nyumbani Makorora. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kama kawaida. Hatua mbili ndani ya korido, pua ikashtuka. Gesi, tena imejaa nyumba nzima. Jikoni nikamkuta mama kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mtungi wa kilo 15 umesimama pembeni, na mbele ya miguu yake, chini sakafuni, jiko la mkaa. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwa majivu. Alikuwa amalize nazi ndipo awashe mengine.

"Mama, gesi inavuja!"

"Gesi gani, mwanangu? Mbona mimi sisikii kitu."

Nilimshika mkono nikamtoa hadi uani, nikarudi kufunga mtungi na kufungua mlango wa nyuma. Mtoto wa dada yangu, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono awashe feni ili harufu itoke. Nilimkemea kwa ukali ambao hajawahi kuuona kwangu. Swichi ikiwashwa inaweza kutoa cheche ndani yake, na pale cheche moja ingetosha.

Kiswahili chetu kinasema tunasikia harufu. Mama masikio yake ni mazima. Ukinong'ona sebuleni anakujibu kutoka chumbani. Harufu ndiyo hasikii tena, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Macho yakififia mtu hujigonga, akajua. Pua huondoka kimya. Baadaye nilikumbuka kwamba kwa muda mrefu alikuwa akimwita mjukuu amnusie maziwa kama yamechacha, nasi tukidhani anamdekeza tu.

Gesi ya mitungi, yaani propani na butani, kwa asili haina harufu. Ile tunayoiita harufu ya gesi ni kemikali inayoongezwa makusudi ili mtu ajue ikivuja. Kwa maneno mengine, mlinzi wa kwanza wa jiko la gesi ni pua ya mpishi. Na uwezo wa kunusa hupungua kwa umri. Wazee wengi waliovuka miaka 70 wameupoteza kwa kiasi, wengine karibu wote. Tunawapelekea wazazi wetu chombo ambacho onyo lake halifiki kwao.

Kuna jambo la pili ambalo kwa jikoni zetu za Pwani linanitia hofu zaidi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Butani ni nzito karibu mara 2. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kutandaa sakafuni kama maji, ikae hapo. Na sakafuni ndiko mama zetu wanakofanyia kazi. Mbuzi iko chini, kigoda kiko chini, jiko la mkaa liko chini, kwa sababu nyumba nyingi zenye gesi hazijaacha mkaa: gesi ni ya chai na ya haraka, maharage na makande yanabaki kwa mkaa. Moto na gesi tumeviweka usawa mmoja, na katikati tumemkalisha mama. Tangu siku ile kwetu mkaa unawashwa uani, mvua ikinyesha unawashwa barazani, na hilo halina mjadala.

Siipingi gesi. Moshi wa kuni umewatoa machozi mama zetu miaka mingi, na mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, sumu ambayo hata pua ya kijana haiinusi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Lawama yangu ni kwetu sisi watoto tulioko Dar, Arusha na Mwanza. Jiko tumelifanya zawadi ya siku moja. Tunanunua, tunapiga picha, tunatuma kwenye grupu la familia, tunarudi mjini. Uvujaji wa siku ile ulikuwa kwenye mpira, pale unapoingia kwenye jiko. Ulikuwa umekakamaa na kufanya nyufa, klipu yake imeliwa na kutu, maana chumvi ya bahari hapa Tanga haibakizi chuma. Jiko lile nilinunua mimi, miaka 7 nyuma. Kwa miaka 7 yote nimekula chakula kilichopikwa juu yake na sikuwahi kuinama kuutazama mpira.

Usiku ule kaka yangu alitoa hukumu kwa simu: mama asiingie tena jikoni, atafutwe dada wa kazi. Nilikataa, na bado nakataa. Jikoni ndiko majirani wanakomfuata kwa mazungumzo, ndiko anakojua mjukuu gani hajala. Ukimtoa pale unamwambia shughuli yake duniani imekwisha. Tena dada wa kazi atakwenda sokoni, na mama atataka chai, atawasha tu. Heri tulibadilishe jiko.

Jiko la zamani lilikuwa la kioo, la aina iliyojaa madukani. Moto ukizimwa na upepo wa kusi dirishani, au maji ya wali yakifurika, gesi inaendelea kutoka. Yapo majiko yenye kijiti kidogo cha chuma kando ya moto. Moto ukizimika kijiti kinapoa na gesi inajifunga yenyewe. Dukani utalitambua hivi: unapowasha lazima ushikilie kitufe sekunde kadhaa, la sivyo linazima. Vijana wengi hudhani hilo ni bovu na kulikataa. Mama naye alilalamika, vidole vyake vina maumivu ya viungo, lakini sasa amezoea. Ile mitungi ya kilo 6 yenye jiko la kufungwa juu yake sitamnunulia mzee yeyote. Sufuria inakaa juu, inayumba, na ugali husongwa kwa nguvu.

Kwa chai nilimletea birika la umeme. Lina kifaa kinachohisi mvuke na kujizima maji yakichemka, basi akisahau, halisahau. Masharti ni mawili: mfuniko ufungwe, maana ukiwa wazi mvuke haufiki kwenye kifaa na birika litaendelea kuchemka, na lisijazwe, kwa sababu birika la lita 1.7 likijaa, lenyewe pamoja na maji yake ya moto, lina uzito wa karibu kilo 3 mikononi mwa mtu wa miaka 76. Rais kuka, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali, aliikataa. "Wali usio na ukoko?" aliniuliza. Sikumlazimisha.

Umeme wa nyumba ulinifundisha mengine. Baba alikuwa na desturi ya kuvaa ndala kabla ya kufungua friji, nasi tukiona ni mazoea ya kizee. Friji lilikuwa linampiga shoti! Plagi yake ya pini tatu ilikatika zamani, fundi akaweka ya pini mbili, na ili iingie ukutani mtu aliichokoa ile tundu ya juu kwa kalamu. Tumefanya hivyo sote. Tundu ile ya juu ni ya waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja kwenye bati la friji. Ukiukosa, njia ya ardhini ni mwili wa baba aliye peku kwenye sakafu ya saruji. Ndani ya friji hilo ndimo inamokaa insulini yake, inayotakiwa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kulichomoa nalo ni hatari. Fundi mwingine alirudisha plagi ya pini tatu, akavuta ethi upya, akaweka fridge gadi ili umeme ukirudi kwa kishindo friji lingoje dakika chache kabla ya kuwaka. Birika nalo lina soketi yake ukutani. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9, na zile ekstensheni za nyaya nyembamba hazibebi mzigo huo. Ya kwetu ilikuwa imeshageuka kahawia.

Kila nikija sasa, kabla sijala, nachanganya sabuni na maji nipake kwenye mpira na regulata. Povu likivimba, panavuja. Namba 114 ya Zimamoto tumeiandika ukutani kwa wino mzito, saizi ambayo baba anaisoma bila miwani.

Cha mwisho kununua kilikuwa king'ora cha gesi. Nimechagua cha betri, kisitegemee umeme, na nimekifunga chini, kama shubiri moja na nusu kutoka sakafuni, kwa kuwa gesi iko huko. Nilikijaribu kwa kiberiti cha gesi, nikibonyeza bila kuwasha moto. Mama alikuwa uani anaanua nguo.

"Nimesikia!" akaita. "Zima, mtoto kalala."